Misindano ya mbao Nyanda za Juu Kusini: kutoka mbegu hadi gogo

Simama kando ya barabara kuu pale Mafinga uangalie malori ya mbao yanayoelekea Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya mzigo ni mbao nyembamba za misindano iliyokatwa ikiwa na miaka minane, tisa, kumi. Nyingine zimeanza kujipinda zikiwa bado juu ya lori. Aliyeuza miti hiyo si mvivu. Alipanda, akalinda moto, kisha ada ya shule ikafika na dalali akabisha hodi na pesa taslimu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka msindano wake ufikie gogo la kweli, lenye unene wa kutoa mbao za kenchi na za fundi samani. Mambo mengi yanayomlazimisha mkulima kukata mapema au kuuza kwa bei ya kutupa huanzia kwenye miaka mitano ya mwanzo, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Chagua msindano unaofaa mwinuko wako

Msindano uliojaa Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo ni Pinus patula, ule wenye majani membamba marefu yanayoning'inia, yakitoka matatu matatu. Asili yake ni milima ya mashariki mwa Mexico. Kusini mwa Sahara hakuna msindano wa asili hata mmoja. Ndugu zake wa hapa kwetu ni podo na mwangati, ambao mbao zao ni nzuri kuliko za msindano, ila atakayezivuna ni mjukuu. Ukiwa na kipande cha kuachia wajukuu, panda hata hiyo. Kwa mbao za kuvuna mwenyewe, rudi kwenye msindano.

Patula anataka baridi na mvua: mwinuko wa kuanzia mita 1,500 kwenda juu, na mvua isiyopungua milimita 900 hivi kwa mwaka. Ukimshusha kwenye joto atakua, lakini kwa shida, na wadudu watamwandama. Sehemu za chini zenye joto panda Pinus caribaea, na katikati ya hapo Pinus tecunumanii hufanya vizuri. Kule Makete ambako jalidi huanguka mwezi wa sita na wa saba, usijaribu caribaea kabisa.

Usidanganywe na aina ngeni kwa sababu tu picha yake inapendeza. Zamani Afrika Mashariki ilipanda sana Pinus radiata, mti unaokua haraka kweli. Miaka ya 1960 ukungu wa majani uitwao Dothistroma uliuangamiza, na upandaji wake ukaachwa. Patula imejaribiwa na kupandwa Sao Hill, shamba la miti la serikali kule Mufindi, kwa miongo mingi; hiyo ni sifa kubwa kuliko tangazo lolote.

Shamba: chimba kabla hujalipa

Chimba shimo la mita moja katikati ya shamba na jingine bondeni. Ukikuta mwamba kwenye nusu mita, au maji yanachuruzika, achana nalo. Msindano hauhitaji udongo wenye rutuba ya mahindi, na udongo wenye tindikali hauusumbui, ila mizizi yake haitaki kusimama kwenye maji.

Halafu tazama njia. Shamba la bei rahisi lililo kilomita kumi kutoka barabara ya lori si rahisi hata kidogo, maana siku ya kuvuna mnunuzi atakata gharama za kuvuta magogo kwenye bei yako. Mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza njia za milimani kuwa tope tupu. Uliza kama lori la tani kumi hufika pale mwezi wa pili.

Kuhusu hati, usinunue kwa mtu mmoja chini ya mti. Ardhi ya kijiji inapita kwenye halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mwisho wake unapaswa kuwa na hati miliki ya kimila yenye jina lako. Tembea mpaka wote na majirani, si na muuzaji peke yake. Miti inakaa ardhini zaidi ya muongo mmoja. Ndani ya muda huo muuzaji anaweza kufariki, na wanawe wakaja na simulizi yao.

Jambo moja la mwisho hapa: usipande kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu, wala ukingoni mwa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na hata isingezuia, majirani wanaolima mboga bondeni wakati wa kiangazi hawatakusamehe. Jirani aliyekasirika ni hatari kubwa kwa shamba la miti. Tutarudi huko kwenye moto.

Mbegu na miche

Kilo moja ya mbegu za patula ina zaidi ya mbegu laki moja, kwa hiyo bei ya mbegu ukiigawanya kwa mche ni ndogo mno. Ndiyo maana inashangaza kuona watu wakibana matumizi hapa. Mbegu za bure ni zile zilizookotwa kwenye miti mifupi ya kando ya barabara, kwa sababu koni zake zinazobeba mbegu zinafikika kwa mkono. Mti mfupi, wenye matawi manene na shina la kona, unazaa watoto wa namna hiyo. Tafuta mbegu zenye chanzo kinachojulikana: kutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), au kitalu kinachoweza kukuonyesha karatasi ya mbegu zilizoboreshwa. Ukinunua miche, muulize mwenye kitalu mbegu alizitoa wapi. Akijibu "hapa hapa", ondoka.

Ukitaka kuotesha mwenyewe, anza mwezi wa tano ili miche iwe tayari Desemba. Sia kwenye tuta la mchanga uliochanganywa na udongo wa msitu, funika kwa mchanga mwembamba, mwagilia kwa matone laini. Mbegu huota ndani ya wiki mbili hadi tatu. Adui wa hapa ni kinyausi: unaamka asubuhi unakuta vimche vimelala, shina limenywea usawa wa udongo. Huletwa na maji mengi na kivuli kizito. Punguza kumwagilia, fungua kivuli hewa ipite, ng'oa zilizoanguka.

Vimche vikiwa bado na ganda la mbegu kichwani, au limetoka siku chache tu, vihamishie kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche. Shika jani, usishike shina. Tengeneza tundu kwa kijiti, hakikisha mzizi unashuka wima. Mzizi uliokunjwa siku hiyo hubaki umekunjwa maisha yote, na mti wake huangushwa na upepo ukiwa na miaka sita, wakati tayari umeugharamia.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Msindano hauwezi kuishi vizuri peke yake. Mizizi yake inahitaji kuvu rafiki, ambao wataalamu huwaita mikoriza. Kuvu hao huwapatia miche maji na fosforasi, nao hupewa sukari. Udongo wa shamba la mahindi hauna kuvu hao. Unawapata kwa kuchota udongo wa juu chini ya misindano mikubwa, chini tu ya tabaka la majani makavu, na kuuchanganya kwenye udongo wa viriba. Sehemu moja kwa kumi inatosha. Miche isiyo na kuvu hubaki mifupi na ya manjano hata ukiimwagia mbolea, na watu hulaumu mbegu.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako. Chukua mche wa miezi mitano, chana kiriba, tikisa udongo polepole. Mizizi midogo ikiwa na vichwa vifupi vilivyogawanyika kama uma, na nyuzi nyeupe zimetambaa kwenye udongo zikiushika pamoja, mche una afya. Mizizi ikiwa ya kahawia, mirefu, mitupu, na udongo ukadondoka wote kama mchanga, usinunue hata ukipewa punguzo.

Mwezi wa mwisho kitaluni punguza maji, ondoa kivuli chote, na kata mizizi inayotoboa chini ya kiriba kwa kuinua viriba au kupitisha waya chini yake. Hapo mche unakomaa. Mzuri wa kupanda una urefu wa sentimita 20 hadi 30, shina la milimita tatu au nne, na kijani kilichokolea. Wa nusu mita, mlegevu, ulioachwa kitaluni mwaka wa pili, umeshazungusha mizizi ndani ya kiriba. Huo ni wa kutupa.

Kupanda

Safisha shamba mwezi wa tisa na wa kumi. Ukitaka kuchoma mabaki, pata kibali cha kijiji kwanza na uchome jioni isiyo na upepo, watu wakiwepo.

Nafasi ya mita 3 kwa 3 hukupa miti 1,111 kwa hekta, au 450 hivi kwa eka. Wengine hupanda 2.5 kwa 2.5, miti 1,600 kwa hekta, ili miti ishindane na kunyooka mapema. Si vibaya, mradi uwe na uhakika wa kupunguza baadaye. Binafsi napendelea tatu kwa tatu kwa mkulima mdogo, kwa sababu najua wengi hawapunguzi. Mita mbili kwa mbili, ambayo bado naiona vijijini kwa hoja kwamba "miti mingi ni pesa nyingi", inakupa fito.

Tumia kamba yenye mafundo kila mita tatu. Mistari ikinyooka, kila kazi inayofuata inakuwa rahisi, kuanzia palizi hadi kuvuta magogo. Chimba mashimo ya sentimita 30 kila upande kabla ya mvua, udongo wa juu ukiuweka pembeni peke yake ili urudi wa kwanza shimoni.

Panda mvua ikishalowesha udongo hadi urefu wa kiganja na vidole vyake, si mvua ya kwanza ya kudanganya. Mara nyingi ni Desemba hadi katikati ya Januari. Anayepanda Machi anaupa mche wiki chache tu kabla ya kiangazi kirefu.

Chana kiriba na ukitoe. Hili linaonekana la kijinga kuandika, lakini vibarua wanaolipwa kwa idadi ya miche hupanda na kiriba chake, kwa sababu kuchana kunakula muda. Pita nyuma yao, fukua mche mmoja kwenye kila mstari. Lipa kazi baada ya kukusanya viriba vitupu na kuvihesabu. Idadi yake ifanane na miche iliyopandwa. Mizizi ya chini iliyojiviringisha ikate kwa wembe, weka mche usawa ule ule uliokuwa kitaluni, kanyaga udongo kuuzunguka. Kisha shika ncha ya jani moja na uvute. Jani likikatika, mche umeshikiliwa vizuri. Mche ukitoka, haujapandwa.

Baada ya mwezi mmoja au miwili hesabu iliyokufa na ujazie mapengo mvua zikiwa bado zipo. Ukijazia mwaka wa pili, mche mpya hufunikwa na wenzake na haufiki popote.

Palizi: hapa ndipo kilimo cha simu hufia

Kuna watu wa mjini wenye eka ishirini Njombe ambao shamba wanaliona kwenye picha za WhatsApp. Picha hupigwa pale pale, mlangoni mwa shamba, palipopaliliwa. Ndani nyasi zimepita kichwa.

Msindano hutaka jua. Ukifunikwa na nyasi mwaka wa kwanza haufi wote, ila unadumaa, na mwaka uliopotea haurudi. Palilia mara mbili mwaka wa kwanza, mara mbili wa pili, mara moja wa tatu. Kama fedha ni ndogo, palilia visahani vya mita moja kuzunguka kila mche na kufyeka katikati ya mistari. Palizi ya mwezi wa nne au wa tano ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu inaondoa nyasi ambazo zingekauka na kuwa kuni za moto.

Njia nafuu zaidi ni kuwapa majirani walime maharage katikati ya mistari misimu miwili ya mwanzo, wakiacha nusu mita kila upande wa mche. Wanapata chakula, wewe unapata palizi, na una macho shambani kila siku. Viazi mviringo siwapendekezei, maana kuvivuna ni kufukua, na jembe halichagui mzizi. Mahindi yawe machache. Kivuli chake ni kizito.

Kupogolea

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo thamani ya ubao inapotengenezwa, na ndipo wakulima wengi hupaona kama urembo.

Kila tawi linaacha kifundo ndani ya ubao. Tawi lililo hai huacha kifundo kilichoshikana na mbao. Lililokufa huacha kifundo cheusi ambacho ubao ukikauka kinadondoka na kuacha tundu. Ukikata tawi mapema, shina linanenepa juu ya kidonda na mbao zote zinazofuata ni safi. Kwa hiyo sehemu yenye vifundo hubaki kiini chembamba katikati, na nje yake kuna mbao ambazo seremala ataziomba. Ukisubiri mpaka shina lina sentimita 20, umeshachelewa, mbao safi itakuwa ganda tu.

Mara ya kwanza pogolea miti ikifika mita nne au tano, kwa kawaida mwaka wa tatu au wa nne. Kata matawi hadi mita mbili hivi, na usizidi nusu ya urefu wa mti. Majani ndiyo jiko lake. Awamu hii fanya kwa miti yote, kwa sababu inakupa pia njia ya kupita na inaondoa ngazi ambayo moto wa nyasi hupandia kwenda juu. Mara ya pili, mwaka wa sita au wa saba, nenda hadi mita nne au tano, lakini kwa miti mizuri tu. Usilipie kupogolea mti utakaoukata kwenye kupunguza. Anayetaka ubao wa daraja la juu kabisa hurudi tena na kufika mita saba.

Tumia msumeno wa kupogolea, wa mkono kwa chini na wa mti mrefu kwa juu. Usitumie panga. Panga linachana gome kwenda chini, na linaacha kisiki cha tawi ambacho shina litakimeza na kukifanya kifundo. Tazama pale tawi linapoungana na shina: kuna uvimbe mdogo kama kola. Kata nje tu ya kola hiyo, usiukate uvimbe, usiache kibanzi. Tawi likiwa zito, kata kidogo upande wa chini kwanza lisije likachana gome likidondoka. Baada ya mwaka kidonda kilichokatwa vizuri kinakuwa duara lililofungwa na utomvu. Fanya kazi hii kiangazi, na matawi yaliyokatwa yavute mbali na mashina, hasa karibu na mipaka.

Kupunguza miti

Ikifika mwaka wa nane hivi, ingia shambani uangalie juu. Vilele vikiwa vimegusana na sehemu yenye majani mabichi imebaki chini ya theluthi moja ya urefu wa mti, miti inanyang'anyana mwanga. Itaendelea kurefuka lakini haitanenepa, na dalali hununua unene.

Kutoka miti 1,111 kwa hekta, shuka hadi 650 hivi mara ya kwanza, na mwaka wa 12 au 13 hadi 400 hivi. Watu huona uchungu. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza upi ukatwe. Anza kwa kupaka rangi miti ya kubaki, iliyonyooka, yenye kilele kimoja na matawi membamba, iliyosambaa sawa. Inayoizonga ndiyo inayoondoka: wenye vilele viwili, wenye kona, waliopasuka gome, waliodumaa. Usimruhusu mnunuzi achague mwenyewe, maana atachukua minene na kukuachia makombo kwa miaka kumi ijayo.

Iliyopunguzwa ina soko: kuni, nguzo za uzio, vibao vidogo. Hiyo ndiyo ada ya shule. Mkulima mwenye eka nne zilizopandwa miaka tofauti, badala ya zote mwaka mmoja, ana kitu cha kuuza kidogo kidogo bila kugusa miti mikuu.

Moto, wadudu na wanyama

Moto unachukua kwa saa moja kilichokua kwa miaka kumi, na hauanzii shambani kwako. Huanzia kwa anayeandaa shamba la ulezi, kwa mlina asali, kwa mwindaji wa ndezi, kwa mchungaji anayetaka nyasi mbichi. Kwa hiyo kinga yake ina pande mbili.

Upande wa jembe: barabara ya kuzuia moto ya upana wa mita kumi au zaidi kuzunguka shamba, iliyokwanguliwa hadi udongo uonekane, na nyingine ndani kama shamba ni kubwa. Isafishwe kufikia mwisho wa Juni, na irudiwe Septemba, maana majani ya msindano hudondoka mfululizo na ndiyo petroli yenyewe. Miezi ya Agosti hadi Novemba mlinzi awe na simu yenye salio, mapanga, majembe na matawi mabichi ya kupigia moto.

Upande wa watu: jiunge na kikundi cha wakulima wa miti cha kijiji, changia doria, na waruhusu majirani kuokota kuni na uyoga. Misindano huotesha uyoga wa kuliwa kila mvua, shauri ya wale wale kuvu wa mizizi. Mtu anayepata kitu shambani kwako atakimbia na tawi mkononi moshi ukionekana. Nimeona mashamba mawili yakitenganishwa na kijito tu. Moto ulikuja, kijiji kikazima moja.

Wadudu wanaoonekana zaidi ni vidukari vya sufu, vinavyoacha pamba nyeupe kwenye machipukizi. Viliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960. Huumiza zaidi miti iliyo kwenye joto au udongo mbaya. Shamba zuri hupona lenyewe, na kupulizia dawa hekta nzima ni kumwaga fedha. Fuko hukata mizizi ya miche michanga, mtegee. Nyani na kima huchubua gome kutafuta utamu wa chini yake, na kilele hukauka. Shamba linalopakana na msitu wa asili lihesabu hasara hiyo mapema.

Atakuja pia mtu wa kugema utomvu. Gema ukitaka, lakini miaka michache ya mwisho kabla ya kuvuna tu, na mkataba useme kina cha kidonda na upande upi wa shina. Sehemu iliyochubuliwa ni ya chini ya gogo, yaani ile uliyoipogolea kwa gharama.

Kupima na kuuza

Usiuze shamba kwa macho. Chukua kamba, izungushe shina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, ipime kwa futi kamba, gawanya kwa 3.14. Mzunguko wa sentimita 94 ni kipenyo cha 30. Fanya hivyo kwa miti kama thelathini, ukiichukua kwenye mistari tofauti bila kuchagua, upate wastani.

Sasa linganisha. Mti wa kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita 15 una ujazo wa takriban mita za ujazo 0.19, ukikadiria kwamba shina jembamba juu hupunguza ujazo hadi asilimia 40 ya nguzo kamili. Wa sentimita 30 na mita 20 una 0.57, yaani mara tatu. Na kwenye msumeno pengo linaongezeka. Mashine za dingi-dongi, zile ndogo za kuchania mbao zinazohamishwa shamba hadi shamba, zinakula mbao nyingi kuwa vumbi na mabanzi. Tuseme mti mdogo utoe asilimia 30 na mkubwa 35. Ubao wa inchi 2 kwa 4 wenye futi 12 una ujazo wa 0.019. Mti mdogo unakupa mbao tatu, mkubwa kumi, au mbao pana za 1 kwa 8 ambazo mdogo hauwezi kuzitoa kabisa.

Kuna na ubora. Mbao ya miaka ya mwanzo, ile ya kiini, ni nyepesi na nyuzi zake zimejizungusha, ndiyo maana hupinda ikikauka. Mti wa miaka tisa ni kiini karibu mtupu. Wa miaka 18 na kuendelea una ganda nene la mbao iliyokomaa. Ukiweza, subiri hadi 18 au 20. Ukibanwa, uza eka moja, usiuze shamba.

Kabla ya kukata, pita ofisi ya misitu ya wilaya. Mazao ya misitu hayasafiri bila hati ya kusafirishia, na vizuizi vya barabarani hukagua. Kubalianeni kwa maandishi kama bei ni kwa mti uliosimama, kwa gogo au kwa ubao. Nani analipa kukata na kuvuta. Na kwamba visiki vikatwe chini kabisa, kwa sababu sentimita 30 zilizoachwa ardhini ni sehemu nene kuliko zote.

Ukichana mwenyewe, chana ndani ya wiki moja au mbili. Gogo la msindano likilala kwenye mvua huingia ukungu wa bluu. Nguvu ya mbao haipungui sana, lakini bei hupungua. Panga mbao kivulini, juu ya magogo yaliyoinuliwa, ukiweka vijiti vya unene mmoja kati ya tabaka na tabaka, vijiti vikisimama mstari mmoja wima kutoka chini hadi juu. Juu kabisa weka uzito. Mbao zikilazwa hivyo hubaki zimenyooka zikikauka. Zitakazokaa nje au kugusa udongo zipelekwe kutiwa dawa, maana msindano mtupu ni karamu ya mchwa.

Kisiki cha msindano hakichipui kama cha mlingoti, yaani mkaratusi. Usichome matawi na majani yaliyobaki. Yapange kwenye mistari yaoze, ndiyo mbolea ya miti ijayo. Na kama unakata kiangazi hiki, weka oda ya miche au sia mbegu mwezi wa tano kabla msumeno haujaanza, ili mvua za Desemba zikute mashimo yapo wazi.